Kofia Mbili Kichwa Kimoja: Uhakiki wa Kanuni za Kushika Nyadhifa Mbili za Kuchaguliwa

Katika madarasa ya itikadi, na hasa mwaka wa uchaguzi unapokaribia, lipo swali moja ambalo makada hulirudia mara kwa mara: je, ni haki mtu mmoja kushika vyeo viwili vya kuchaguliwa kwa wakati mmoja? Majibu yanayotolewa huwa ni ya aina mbili. Wapo wanaosema kwamba watu wakimwamini ndugu yao na kumpa kazi mbili, hiyo ni hiari yao, na demokrasia ni hiari ya watu. Wapo pia wanaosema kwamba kofia mbili ni ulafi wa madaraka na zipigwe marufuku zote, bila kubakiza hata moja.

Majibu yote mawili ni mepesi mno. La kwanza linasahau kwamba mpiga kura humpa kiongozi dhamana na pia hubaki na haki ya kumwuliza ameitumiaje dhamana hiyo. La pili linahesabu kofia bila kuuliza kila kofia inafanya kazi gani. Makala haya yanakusudia kuihakiki mikataba na kanuni tulizo nazo, kutazama historia yake katika nchi yetu, kuzilinganisha kidogo na za wengine, na kuonyesha mahali zilipo na upungufu.

Mambo matatu yanayochanganywa

Mtu anapolalamikia kofia mbili, huenda ana moja kati ya malalamiko matatu. La kwanza ni la mfuko: kwamba mtu mmoja anakula katika sahani mbili wakati wengine hawana hata moja. La pili ni la muda: kwamba mtu mwenye kazi mbili hawezi kuzitimiza zote sawasawa, kwani mshika mbili moja humponyoka. La tatu ni la usimamizi: kwamba cheo kimoja kiliwekwa ili kukisimamia kingine, na sasa msimamizi na msimamiwa wamekuwa mtu mmoja.

Mambo haya hayalingani kwa uzito. Tatizo la mfuko linaweza kuondolewa kwa kumlipa mtu mshahara mmoja tu. Tatizo la muda linaweza kupunguzwa kwa kugawa kazi na kwa bidii. Lakini tatizo la usimamizi haliondoki kwa mtu kukataa posho wala kwa kuamka alfajiri. Mtu mwaminifu kuliko wote, anayefanya kazi bila malipo, bado hawezi kujikagua mwenyewe. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema kwamba kesi ya nyani hapewi ngedere.

Hoja ya makala haya ni kwamba kanuni zetu nyingi zilijengwa juu ya jambo la kwanza, zikaligusa kidogo la pili, na hili la tatu zikaliacha mlango wazi. Tuithibitishe hoja hii kwa historia.

Tulikotoka

Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mwezi Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo, liliweka masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yaliwahusu mawaziri, wabunge, madiwani na maofisa wa ngazi za kati na za juu. Tena yalimhusu mke au mume wa kiongozi, maana waandishi wake walielewa kwamba mali ikifukuzwa mlango wa mbele hurudi kwa mlango wa jikoni.

Kwa nini mshahara wa pili ulikatazwa? Kwa sababu Azimio lilikuwa likipigana na hatari maalumu: kuzaliwa kwa tabaka la viongozi ambao maslahi yao si ya wakulima na wafanyakazi. Mwenye mifereji miwili ya mapato huanza kuitetea mifereji hiyo. Hilo lilikuwa sahihi, na sahihi bado. Hata hivyo tuangalie Azimio lilihesabu nini. Lilihesabu mishahara, halikuhesabu vyeo. Kiongozi aliyekuwa na vyeo vitatu na mshahara mmoja alikuwa amelitimiza sharti hilo bila dosari.

Na viongozi wa namna hiyo walikuwapo, wala si kwa siri. Katika miaka ya kwanza ya uhuru Mkuu wa Mkoa alikuwa pia Katibu wa TANU wa Mkoa, na kwa cheo chake alikuwa mbunge. Baada ya mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, mabaraza ya serikali za mitaa yalivunjwa na kazi za maendeleo zikawekwa chini ya uongozi wa mkoa na wilaya. Basi mtu yuleyule alisimamia utekelezaji kwa niaba ya Serikali, aliongoza kazi za Chama kilichopaswa kuutazama utekelezaji huo, kisha akaenda Bungeni kama mjumbe wa chombo kilichopaswa kuihoji Serikali.

Ni lazima tuwe waadilifu kwa historia. Mpango huo haukutokana na ulafi. Nchi ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na wasomi wachache sana na makada wachache zaidi. Ilitakiwa kuunganisha kauli ya Chama na kauli ya Serikali ili mkulima asisikie amri mbili zinazopingana. Mahali ambapo palikuwa na mtu mmoja anayeweza kazi, kumpa kazi tatu ilikuwa ni lazima ya wakati ule. Lakini lazima ya wakati haigeuki kuwa kanuni ya milele. Mwaka 1975 Katiba ya Muda ilipotamka ukuu wa Chama, swali lilijitokeza lenyewe: Chama kitakuwaje mkuu juu ya Serikali ikiwa katika kila mkoa wote wawili wamekaa katika kiti kimoja? Baadaye kazi hizo zilitenganishwa, na leo Katibu wa Chama wa Mkoa na Mkuu wa Mkoa ni watu wawili.

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikaweka utaratibu wa kutangaza mali na madeni. Hapa tena tunaona jambo lilelile: sheria inatazama mfuko. Inamwuliza kiongozi ana nini, haimwulizi sana anasimamiwa na nani.

Fundisho la Januari 1962

Kuna tendo moja katika historia ya Chama ambalo wanafunzi wa itikadi hulitaja bila kulichambua. Mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Ndugu Rashidi Kawawa akashika nafasi yake, naye Mwalimu akarudi kukijenga Chama. Maana ya tendo lile ni kwamba Chama kilikuwa katika hatari ya kufa kwa kuwa viongozi wake wote walikuwa wameingia ofisini. Hata kiongozi mwenye uwezo mkubwa hakuweza kuendesha Serikali na wakati huohuo kukiweka Chama katika hali ya kuitazama Serikali hiyo.

Kati ya 1985 na 1990 nchi ilijaribu tena. Ndugu Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais, Mwalimu akabaki Mwenyekiti wa Chama. Mwaka 1990 kofia hizo mbili zilirudi kichwani kwa mtu mmoja, na tangu hapo desturi imekuwa kwamba Rais mpya anayetokana na Chama hukabidhiwa uenyekiti baada ya miezi michache: Ndugu Mkapa mwaka 1996, Ndugu Kikwete 2006, Ndugu Magufuli 2016, na Ndugu Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2021.

Wanaotetea desturi hiyo wana hoja ya kusikilizwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, wanasema. Mwenyekiti na Rais wakipishana kauli, watendaji watachagua bwana wanayempenda na kazi italala. Hoja hii ina ukweli. Lakini inathibitisha umoja wa kauli tu. Haithibitishi kwamba usimamizi unafanyika. Kwa hiyo, panapoamuliwa kuwa kofia hizi zivaliwe na mtu mmoja, mzigo wa usimamizi hauondoki, bali unahamia kwenye vikao. Halmashauri Kuu ya Taifa na Kamati Kuu zinalazimika kufanya kazi kubwa zaidi ya kuhoji kuliko ambayo zingefanya kama kofia zingekuwa mbali mbali. Kikao kinachopiga makofi tu katika hali kama hiyo kimekiacha Chama bila macho.

Daraja na kufuli

Sasa tuingie katika vyeo vya serikali vyenyewe. Ili tusihukumu kwa jumla, tuvigawe katika aina mbili. Kuna kofia mbili ambazo ni daraja, na kuna kofia mbili ambazo ni kufuli.

Kofia mbili ni daraja pale zinapounganisha vyombo viwili ambavyo hakuna kilicho juu ya kingine katika jambo husika, na ambavyo vinahitaji kusikilizana. Mfano bora ni ule wa Zanzibar. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema kwamba miongoni mwa wabunge wawepo watano waliochaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwa wajumbe wake. Hao ni wawakilishi na ni wabunge kwa wakati mmoja. Baraza la Wawakilishi, lililoanza kazi mwaka 1980, halikaguliwi na Bunge la Muungano kwa mambo yasiyo ya Muungano. Wajumbe hao watano hawajikagui. Wanabeba habari na hoja kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Kuziondoa kofia hizo kwa jina la usafi wa kanuni kungekuwa ni kuvunja daraja kwa sababu tu lina nguzo mbili.

Lakini daraja nalo linaweza kuzeeka. Kwa miaka mingi Rais wa Zanzibar alikuwa pia Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mzee Karume alikuwa hivyo tangu 1964, Mzee Jumbe baada yake, na wengine waliofuata. Katika mfumo wa chama kimoja daraja hili lilibeba uzito. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, ilionekana wazi kwamba Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar wangeweza kutoka vyama viwili, na Makamu angekuwa mpinzani wa serikali anayoisaidia. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1994 yakaleta mgombea mwenza, na tangu uchaguzi wa 1995 Makamu wa Rais ni mtu mwingine. Tukumbuke fundisho hili: kofia mbili zilizofaa katika mazingira fulani zinaweza kuwa na madhara mazingira yanapobadilika, hata kama kofia zenyewe hazijabadilika hata uzi mmoja.

Kofia mbili ni kufuli pale cheo kimoja kinapofunga mlango ambao cheo cha pili kiliwekwa kuufungua. Katiba yetu inaijua kanuni hii katika baadhi ya mambo. Mbunge akichaguliwa kuwa Rais ubunge wake unakoma. Waziri au Naibu Waziri hawezi kuchaguliwa kuwa Spika. Kwa nini? Kwa sababu Spika huongoza kikao kinachomhoji Waziri, na haifai mtu aitwe ajibu kisha apande kitini kuamua kama amejibu.

Lakini Katiba hiyohiyo inaagiza kwamba Mawaziri na Naibu Mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Sababu inayotolewa ni kwamba Waziri aliye mbunge yuko karibu na Bunge na anaweza kuulizwa ana kwa ana. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Ndugu Joseph Warioba mwaka 2013 ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge. Kenya katika Katiba yake ya mwaka 2010 ilifuata njia hiyo. Mjadala huu hauwezi kumalizwa hapa, ila makada waseme wazi kinachopimwa: kumweka Waziri karibu na wanaomhoji ni faida, kumfanya awe mmoja wao, na mwenye kura, ni hasara. Yafaa tuulize kama faida hiyo inaweza kupatikana bila hasara yake.

Mbunge katika baraza la madiwani

Mahali ambapo kada wa wilaya anakutana na jambo hili kila robo mwaka ni kwenye halmashauri. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, zilizorudisha mabaraza yaliyovunjwa miaka kumi nyuma, zinamfanya mbunge wa jimbo kuwa mjumbe wa halmashauri ya eneo lake. Si kofia mbili za kugombea mara mbili, lakini ni kofia mbili zinazotokana na kura moja, na kwa hiyo ni suala letu.

Je, hii ni daraja au ni kufuli? Jibu la kweli ni kwamba ni vyote viwili. Ni daraja, kwa kuwa mbunge anayesikia madiwani wakilalamikia zahanati isiyo na dawa na barabara iliyokatika anakwenda Dodoma na habari za kweli. Madiwani nao husikia kutoka kwake sera na bajeti ya Taifa imesemaje. Mbunge asiyehudhuria baraza huishia kusimuliwa jimbo lake na wapambe.

Ni kufuli kwa sababu Bunge, kupitia Kamati yake ya Hesabu za Serikali za Mitaa, hupokea taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu na kuzihoji halmashauri kuhusu fedha zilivyotumika. Basi mbunge aliyekaa katika baraza na kupiga kura ya kupitisha bajeti, na aliyenyamaza mradi ulipoharibika, baadaye ni sehemu ya chombo kinachouliza kwa nini mradi umeharibika. Si lazima awe mwizi ndipo tatizo litokee. Inatosha awe binadamu. Binadamu hapendi kufungua kabati ambalo yeye mwenyewe alisaidia kulifunga.

Kufuli hilo liliongezewa komeo mwaka 2009 kwa Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambayo imemfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo katika jimbo lake. Hapa mbunge amevuka mpaka wa kushauri akaingia katika kutekeleza. Fedha zinapitishwa Bungeni kwa kura yake, zinagawiwa jimboni kwa uenyekiti wake, na kiwanda kidogo cha tofali au madawati yanayonunuliwa hukabidhiwa kwa jina lake. Mwananchi anaondoka mkutanoni akishukuru wema wa mtu, hali fedha ni kodi yake. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha sheria ya nchi hiyo ya 2013 kuhusu mfuko wa aina hii, hoja mojawapo kuu ikiwa ni kwamba ilimwingiza mbunge katika kazi ya utekelezaji. Hatulazimiki kuiga majirani, lakini ni lazima tujibu hoja yao.

Kura ya mbunge katika halmashauri imewahi pia kuleta mvutano wa wazi. Mwaka 2016 uchaguzi wa Meya wa Jiji la Dar es Salaam uliahirishwa zaidi ya mara moja, na mojawapo ya maswali yaliyogombewa ni wabunge wapi hasa waliokuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi huo. Ikiwa kofia ya pili haieleweki inaanzia wapi na inaishia wapi, kila upande utaivuta kwa manufaa yake, na kazi ya jiji itangoja.

Funzo kutoka Ufaransa

Nchi ambayo imeishi na jambo hili kwa muda mrefu kuliko nyingi ni Ufaransa. Huko ilikuwa ni kawaida mbunge kuwa meya kwa wakati mmoja. Jacques Chaban-Delmas alikuwa meya wa Bordeaux kuanzia 1947 hadi 1995, na katikati ya miaka hiyo alikuwa Waziri Mkuu. Jacques Chirac alikuwa meya wa Paris tangu 1977 hadi 1995, na kati ya 1986 na 1988 alikuwa pia Waziri Mkuu. Wala si vyama vya mabwanyenye peke yao. Wasoshalisti nao walifanya hivyo: Gaston Defferre aliishika Marseille tangu 1953 hadi alipofariki 1986, na Pierre Mauroy aliishika Lille tangu 1973 hadi 2001, akiwa Waziri Mkuu kati ya 1981 na 1984.

Mfumo ule ulizalisha kitu gani? Ulizalisha mabwana wa mikoa. Mtu aliyekuwa na ufunguo wa hazina ya mji mkononi mwa kushoto na kura ya Bunge mkononi mwa kulia hakuweza kuondolewa kirahisi na chama chake wala na wapiga kura. Chama kilimhitaji yeye zaidi ya yeye alivyokihitaji chama.

Sheria ya mwaka 1985 ilipunguza vyeo hivyo, sheria ya mwaka 2000 ikapunguza tena, lakini hadi mwaka 2012 takribani wabunge wanane kati ya kumi walikuwa bado na cheo kingine cha kuchaguliwa. Sheria ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika kwa wabunge mwaka 2017, ndiyo iliyomkataza mbunge kuwa meya au kiongozi mtendaji wa serikali ya mitaa. Katika uchaguzi wa 2017 wanawake walipata viti 224 kati ya 577, kutoka 155 mwaka 2012. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ikiwamo chama kipya kilichoshinda na sheria ya usawa wa wagombea. Hata hivyo ni dhahiri kwamba kiti hakipati mtu mpya mpaka wa zamani ainuke.

Tujifunze mambo mawili hapo. La kwanza, ilichukua karibu miaka thelathini kutoka sheria ya kwanza hadi ya tatu, kwa sababu waliotakiwa kupiga kura ya kuziondoa kofia ndio waliokuwa wamezivaa. La pili, sheria ya Ufaransa haikukataza kila kofia ya pili. Mbunge wa huko bado anaweza kuwa mjumbe wa kawaida wa baraza la mji, akae, asikilize, aseme. Kilichokatazwa ni kushika usukani wa utekelezaji. Kwa maneno yetu, wameacha daraja, wameondoa kufuli.

Upungufu wa "kofia moja"

Katika mageuzi ya Chama ya 2016 na 2017 ilisikika kwa nguvu kauli ya mtu mmoja, kofia moja. Kauli hiyo ilikuwa na shabaha njema. Tuchukue kata ambayo diwani ndiye huyohuyo anayeongoza kikao cha Chama kinachopokea taarifa ya utekelezaji wa Ilani. Diwani anasoma taarifa, mwenyekiti anaipokea, na wote wawili wana suti moja. Mjumbe anayetaka kuuliza ujenzi wa darasa umekwama kwa nini anatazama mbele, anaona mtu mmoja, anakaa chini. Kata hiyo ina vikao vyote vinavyotakiwa na Katiba ya Chama, lakini haina kikao hata kimoja.

Hata hivyo kauli ya kofia moja, ikichukuliwa kama hesabu tu, ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, inaweza kuondoa daraja na kuacha kufuli. Pili, inaweza kukwepwa. Mtu anavua kofia na kumvika mdogo wake, mkwewe, au kijana aliyemlea, kisha anaendelea kutoa amri akiwa nyuma ya pazia. Azimio la Arusha liliiona hila hii katika mali ndiyo maana likamtaja mke na mume. Kwa vyeo, hakuna sharti la maandishi litakaloweza kuikamata yote. Kinachoikamata ni kikao kilicho hai na wanachama wasioogopa.

Kanuni inayopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza makada wajadili kanuni zifuatazo.

Mosi, kipimo kiwe ni usimamizi. Kabla ya kuuliza mtu ana vyeo vingapi, tuulize: je, kimojawapo kiliwekwa kukisimamia kingine? Kama ndiyo, visikae kwa mtu mmoja, hata kama analipwa mshahara mmoja au halipwi kabisa.

Pili, mbunge abaki katika halmashauri akiwa na haki kamili ya kuhudhuria na kusema, lakini asipige kura katika bajeti ya halmashauri na katika uchaguzi wa viongozi wake. Sauti ya jimbo isikike. Mkono wa Bunge usiinuliwe mahali ambapo Bunge litakuja kukagua.

Tatu, uenyekiti wa kamati ya mfuko wa jimbo utolewe kwa mtu ambaye si mbunge, naye mbunge apewe kazi inayomfaa ya kuuhoji mfuko huo hadharani.

Nne, pale ambapo kofia mbili haziepukiki kwa sheria au kwa desturi, mwenye kofia asiongoze kikao wakati kazi yake inajadiliwa. Ajibu, kisha aondoke kitini, mwingine aongoze. Kanuni hii haihitaji kungojea Bunge. Chama kinaweza kuianza kesho katika tawi.

Tano, mahudhurio ya kila kiongozi wa kuchaguliwa katika vikao vyake vyote yasomwe mbele ya wapiga kura mara moja kwa mwaka. Suala la muda litajieleza lenyewe.

Watakuwapo watakaosema kwamba mapendekezo haya yatawadhoofisha viongozi. Sivyo. Kiongozi hudhoofika anapokosa watu wa kumwambia ukweli mapema, akaja kuambiwa na sanduku la kura wakati umekwisha kupita. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani majivuno na ubwana wa viongozi. Ubwana hauanzi na tabia mbaya peke yake. Mara nyingi huanza pale mtu mwema anapowekwa mahali ambapo hakuna anayeweza kumwuliza swali. Wajibu wetu makada ni kuhakikisha kwamba mahali pa namna hiyo hapapo, katika Serikali wala katika Chama.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Taja kofia mbili zilizopo katika wilaya yako. Ipi ni daraja na ipi ni kufuli? Toa sababu.

2. Je, Azimio la Arusha lingetosha kuzuia madhara ya kofia mbili kama masharti yake yangetekelezwa yote? Fafanua.

3. Ikiwa Mwenyekiti wa Chama na Rais ni mtu mmoja, vikao vya Chama vifanye nini ili kazi ya usimamizi isife?

4. Katika tawi lako, mara ya mwisho mwenyekiti alipoondoka kitini ili kazi yake ijadiliwe ilikuwa lini?